Mafuta yanapomkataa mtoto: kliniki, mafuta, sabuni na nepi, uchague kipi

Mama anapobadilisha mafuta ya mtoto wiki hadi wiki na vipele vikabaki palepale, mara nyingi tatizo si mafuta. Vipele vyenyewe havijatambuliwa. Mafuta ya mgando yanayomtuliza mtoto wa Njombe mwezi Julai, mashavu yakiwa yamepauka kwa baridi, ndiyo hayohayo yanayomjaza harara mtoto wa Temeke mwezi Februari. Ndiyo maana ushauri wa "mnunulie haya, wangu yalimkubali" unafaa nyumba moja na kuharibu ya pili, hata kama aliyeutoa ana nia njema kabisa.

Ulinganisho huu ni kwa mzazi wa Tanzania mwenye mtoto wa chini ya mwaka mmoja na nusu, ambaye ngozi yake ni nyepesi kuchubuka, kukauka au kutoka vipele. Naanza na kliniki kabla ya mafuta na sabuni kwa sababu moja: kliniki ndipo vipele hupata jina. Vikishapata jina, vingi vya vitu vilivyojaa kwenye kikapu cha mtoto utaviacha mwenyewe.

Kliniki ya kupima uzito au daktari wa kulipia?

Tarehe za kliniki tunazijua. Chanjo za kuzaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu miezi 9 na miezi 18, na katikati hapo uzito. Kwenye vituo vya serikali huduma ya mtoto wa chini ya miaka 5 ni bure kwa mujibu wa sera. Wengi wetu tunaichukulia kama safari ya sindano na mizani tu, tukirudi nyumbani tunaanza kuuliza majirani kuhusu vipele.

Lakini fikiria kinachotokea pale kwenye mizani. Mtoto anavuliwa nguo zote, anavishwa kile kikaptula cha kitambaa, ananing'inizwa. Kwa dakika moja mgongo wake, mapaja, kwapa na mikunjo ya shingo vyote viko wazi mbele ya mtu anayeona watoto kila siku. Hakuna daktari wa kulipia atakayekupa jicho lililozoea zaidi ya hilo. Udhaifu wa kliniki ni muda. Foleni ni ndefu, na ukijibu "hajambo" uzito unaandikwa na anaitwa mwingine. Kwa hiyo sema kabla hujaanza kumvalisha: "Sista, naomba umtazame na hapa nyuma ya masikio, vimeanza wiki iliyopita na usiku hajalala." Sentensi ya namna hiyo, yenye mahali, muda na dalili, inapata jibu. "Ana vipele" peke yake haipati.

Kuna jambo lingine ambalo najua linakwenda kinyume na desturi. Siku ya kliniki mtoto huogeshwa, akapakwa mafuta mpaka akameremeta. Kama ngozi ndiyo inayokusumbua, siku hiyo usimpake. Mafuta mazito yanaficha ukavu, yanalainisha magamba, na nesi anaona ngozi inayong'aa mahali ambapo angeona ngozi iliyopasuka. Beba pia kopo la mafuta unayompaka, kipande cha sabuni na tyubu yoyote uliyowahi kununua. Kuyataja kwa rangi ya kopo hakusaidii.

Kadi nayo inasema mengi kuhusu ngozi kuliko tunavyodhani. Kwa kawaida mtoto hufikisha uzito wa kuzaliwa mara mbili karibu na mwezi wa 5, na mara tatu karibu na mwaka. Mtoto mwenye mashavu makavu lakini mstari wake wa kadi unapanda vizuri, una muda wa kujaribu matunzo ya nyumbani kwa utulivu. Mstari ukilala huku vipele vimeenea mwili mzima, au anaharisha mfululizo, huyo anahitaji daktari na si mafuta mapya. Na ngozi inayobanduka kwa mabaka meusi huku miguu imevimba si aleji. Ni utapiamlo mkali, na ni wa kupelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Daktari wa watoto wa kulipia unamlipia muda. Atakaa nawe, atauliza ukoo wenu kama una pumu au mafua ya aleji, ataandika dawa. Hiyo ni faida kubwa pale ambapo kliniki imekupa ushauri, umeufuata kwa wiki mbili bila kubadilisha vitu katikati, na hali haijatulia. Kumkimbilia kabla ya hapo mara nyingi ni kulipia kuambiwa punguza sabuni.

Wa tatu ni daktari wa ngozi. Si wengi nchini, lakini si lazima uende mbali kila mara. Moshi kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, RDTC, kilichoanza mwaka 1992 kwenye hospitali ya KCMC, na kimefundisha wataalamu wa ngozi wanaofanya kazi katika nchi nyingi za Afrika. Kabla hujapanga safari, uliza hospitali ya mkoa wako kama ina siku ya kliniki ya ngozi, na uombe barua ya rufaa. Kama mtoto ana ualbino, usisubiri vipele hata kidogo: ulizia huduma hiyo mapema, maana ngozi yake inahitaji kinga ya jua tangu mwanzo, na RDTC wanatengeneza losheni ya kukinga jua kwa ajili hiyo.

Neno la chanjo, kwa sababu linaleta hofu. Pumu ya ngozi (ekzema) si sababu ya kuahirisha chanjo. Mwoneshe nesi palipochanika ili asichome hapo, basi. Na kile kidonda kidogo cha begani baada ya chanjo ya kifua kikuu si ugonjwa wa ngozi. Huanza kama uvimbe mdogo wiki chache baada ya sindano, hutoa usaha kidogo, hukauka na kuacha kovu ndani ya miezi mitatu hivi. Kisipakwe mafuta, spiriti wala dawa. Kikiambatana na tezi kubwa kwapani, kionyeshe kliniki.

Harara, pumu ya ngozi, upele au nepi?

Hapa ndipo uamuzi wote unaposimama, kwa hiyo nimeviweka kwa upande.

| | Vinakaa wapi | Vinakuwaje | Kinachosaidia |
|---|---|---|---|
| Harara (vipele vya joto) | Shingo, mgongo, kifua, paji la uso | Vidogo, vingi, vinakuja na joto na kupungua penye upepo | Nguo nyepesi, maji, kupunguza mafuta |
| Pumu ya ngozi | Mashavu, kichwa, nje ya mikono na miguu. Mara nyingi sehemu ya nepi husalimika | Ngozi kavu, ngumu, mtoto anajisugua. Vinaondoka na kurudi | Mafuta mazito yasiyo na manukato, sabuni kidogo |
| Upele | Viganja, nyayo, katikati ya vidole, kwapa, tumbo | Kujikuna zaidi usiku, na watu wengine nyumbani wanajikuna | Dawa kwa familia nzima kwa pamoja |
| Vipele vya nepi | Matako na kinena | Ngozi iliyochomeka. Ikiingia mpaka ndani ya mikunjo na kuzungukwa na vipele vidogo vya pembeni, ni fangasi | Kubadilisha mapema, krimu ya zinki. Fangasi ana dawa yake |

Jedwali linakupa mwelekeo, lakini jicho lako linahitaji kuzoea ngozi yetu. Maelezo mengi ya magonjwa ya ngozi yanazungumzia wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani hivyo: sehemu iliyowaka huwa nyeusi zaidi, au ya zambarau iliyofifia, au kijivu. Kwa hiyo tumia mkono. Pitisha mgongo wa vidole vyako taratibu kwenye shavu, kisha kwenye tumbo. Tumbo la mtoto ni laini. Shavu lenye pumu ya ngozi linakwaruza, na vinyweleo vimesimama kama vya ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Unaweza kuigundua pumu ya ngozi gizani kwa kugusa, kabla hujaiona mchana.

Pia pumu ya ngozi ikitulia huacha mabaka meupe kwa muda. Wazazi wengi huyaona wakadhani fangasi ameingia, wakaanza dawa ya fangasi, ngozi ikakasirika upya. Mabaka hayo hurudi rangi yake polepole, kwa miezi.

Mtoto wa siku chache ana mambo yake, na mengi hayataki kitu chochote. Madoa yenye vichwa vidogo vya manjano siku za kwanza hupotea ndani ya wiki moja au mbili. Vipele vinavyopasuka na kuacha vidoti vyeusi, ambavyo watoto weusi huzaliwa navyo zaidi ya wengine, navyo huisha. Mabaka ya bluu-kijivu juu ya matako si jeraha na hakuna aliyempiga mtoto. Vipele vya usoni vya wiki ya tatu vinaondoka bila dawa, na kwa vipele hivyo hasa mafuta ya mimea ni adui, maana yanalisha vijidudu vinavyovichochea.

Mafuta ya mgando, ya nazi, ya alizeti au losheni?

Kwa mtoto mwenye ngozi kavu au pumu ya ngozi, chaguo langu ni mafuta ya mgando yasiyo na manukato wala rangi. Si ya kifahari. Lakini yana kiungo kimoja tu, kwa hiyo hayana cha kumkera mtoto, na yanazuia maji ya ngozi yasitoroke kuliko karibu kila kitu kingine kilichopo dukani. Yapakwe ndani ya dakika tatu nne baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, na yarudiwe mara mbili au tatu kwa siku. Ukiyapaka juu ya ngozi iliyokwisha kauka, unafungia ukavu ndani. Chota kwa kijiko safi, si kwa vidole: kopo linalochovywa na kila mkono wa nyumbani linakuwa shamba la bakteria, na ngozi iliyochanika inawapokea.

Udhaifu wake ni joto. Yanaziba matundu ya jasho, na mtoto wa Dar, Tanga au Unguja aliyepakwa mwili mzima Desemba mpaka Machi atatoka harara. Kwa huyo paka penye ukavu peke yake, shingo na mgongo uviache.

Mafuta ya nazi ndiyo ya kwetu Pwani, na nayaheshimu. Ni mepesi kuliko mgando, na kuna utafiti wa Ufilipino kwa watoto wenye pumu ya ngozi ulioonyesha yanasaidia. Sharti lake ni usafi na upya. Yaliyokamuliwa nyumbani kwa kuchemsha tui yanachacha haraka chombo kikibaki na maji ndani, na mafuta yaliyochacha yanawasha. Yakinuka vibaya, yarudishe jikoni au uyamwage. Kwa magamba ya kichwani yaweke kidogo ili kuyalainisha, kisha yaoshwe. Yakiachwa kukaa siku nzima magamba yanaongezeka.

Alizeti ni chaguo ambalo halipewi nafasi yake. Singida na Dodoma tunayo tele, bei iko chini, na asili ya mafuta hayo inaelewana na ngozi. Huko Bangladesh watoto njiti waliopakwa mafuta ya alizeti hospitalini walipata maambukizi machache kuliko wasiopakwa. Chukua yaliyosafishwa. Yale mazito ya kukamuliwa mtaani yenye harufu kali na mashapo yabaki kwenye sufuria.

Mafuta ya mzaituni yana jina zuri, hasa kwa familia zinazoyapenda kwa sababu za dini, na sibishani na mtu kuyala au kuyatumia kwa baraka. Kwa ngozi kavu ya mtoto, hapana. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2013 kwa watu wazima ulionyesha yanalegeza tabaka la juu la ngozi, wakati ya alizeti hayakufanya hivyo.

Losheni za watoto zina maji mengi, ndiyo maana hupakika vizuri na hazinati. Kwa mtoto asiye na tatizo, wa mahali pa joto, sawa. Kwa mwenye ngozi iliyopasuka huchoma, na manukato yake ndiyo chanzo cha vipele vingi. Usiamini picha ya mtoto kwenye chupa. Geuza nyuma, tafuta neno parfum au fragrance kwenye viungo. Likiwepo, rudisha rafuni. Na kitu chochote kipya kijaribiwe kwanza kwenye sehemu ndogo ya mkono kwa siku mbili tatu kabla hakijaenda mwili mzima.

Sasa swali gumu zaidi: kama mtoto hana vipele kabisa, ni lazima apakwe? Uingereza walifuatilia watoto 1,394 wa familia zenye aleji, nusu wakipakwa mafuta kila siku tangu kuzaliwa. Majibu yalitoka mwaka 2020. Walipofika miaka 2, waliopata pumu ya ngozi walikuwa asilimia 23 kwa waliopakwa na 25 kwa wasiopakwa, tofauti isiyo na maana, na waliopakwa walipata maambukizi ya ngozi zaidi kidogo. Kwa maneno mengine, mafuta yanatibu ukavu uliopo, hayazuii pumu ya ngozi isije. Mtoto mwenye ngozi laini asiyepakwa mafuta hajaonewa.

Sabuni ya mche, ya dawa, ya mtoto, au maji matupu

Hapa sina kigugumizi: maji matupu ya uvuguvugu yanashinda siku nyingi za wiki kwa mtoto wa miezi ya mwanzo. Hachimbi mtaro huyu. Jasho na maziwa yaliyoganda shingoni yanatoka kwa maji na kitambaa laini. Sabuni iwe ya matako, kinena, mikono na mikunjo.

Ngozi ya binadamu ina uchachu kidogo, kipimo chake ni karibu 5 na nusu, na uchachu huo ndio unaozuia vijidudu. Sabuni ya kipande iko 9 hadi 10. Sabuni ya mche ilitengenezwa kutoa mafuta kwenye nguo, na kwa mtoto itatoa mafuta vilevile, isipokuwa haya ni yake mwenyewe. Kuna wanaoisifu kwa sababu haina manukato, na hilo ni kweli. Lakini ukali wake unabaki. Sabuni ya dawa, na ile desturi ya kutia vifuniko vya dawa ya kuua vijidudu kwenye beseni la mtoto, ndizo ningeziondoa kwanza kabisa kwenye nyumba yenye mtoto wa ngozi nyepesi. Zinakausha na kuchoma, hasa kiasi kisipopimwa. Sabuni ya mtoto yenye manukato iko katikati. Bora kuliko zote kwa pumu ya ngozi ni kisafishio cha maji kisicho na sabuni wala manukato, lakini bei yake haiko sawa kwa kila mfuko, na maji matupu yanakaribia kufanya kazi ileile.

Kuoga kuwe dakika 5 hadi 10, bila dodoki. Mtoto aliyezaliwa leo aogeshwe baada ya saa 24, ule utando mweupe usisuguliwe.

Wakazi wa Dar wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi wanajua yanavyokataa kutoa povu. Sabuni inabaki kwenye ngozi kama utando. Huwezi kubadilisha kisima, lakini unaweza kutenga lita mbili za maji yasiyo na chumvi kwa ajili ya kumsuuza mwisho. Fanya hivyo na kwa nguo zake: suuza mara mbili, kisha piga pasi. Pasi si urembo tu. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo zinazoanikwa, na kiwavi wake huingia ngozini na kufanya kitu kama jipu. Moto wa pasi unaua mayai.

Nepi za kitambaa au pampasi?

Watu hutarajia nitetee kitambaa. Kwa ngozi peke yake, pampasi nzuri hukausha zaidi, na ukavu ndio unaookoa matako. Kitambaa kinashinda pale tu kinapobadilishwa mara moja kikilowa, kimefuliwa, kikasuuzwa sabuni yote ikaisha, na kikakauka juani. Mchana nyumbani, mtu akiwepo wa kubadilisha, kitambaa ni kizuri na cha bei nafuu. Usiku na safarini pampasi.

Kinachoharibu ni pampasi inayovaliwa asubuhi mpaka jioni kwa kubana matumizi. Kama bajeti haikuruhusu kubadilisha kila baada ya saa tatu hivi, ni heri utumie kitambaa mchana na kuzihifadhi pampasi kwa usiku. Zile zinazouzwa moja moja bila paketi hujui zilihifadhiwaje. Kwa ngozi nyepesi ziache. Waipsi zenye manukato zikae kwenye mkoba kwa dharura, pamba na maji vifanye kazi ya kila siku. Na kila siku mpe mtoto muda wa kulala bila nepi, juu ya kanga iliyokunjwa. Poda isiwekwe kabisa: ikichanganyika na mkojo inakuwa uji unaosugua, na vumbi lake linaingia kwenye mapafu madogo.

Ile tyubu ya duka la dawa

Naomba hapa usome taratibu. Muuza duka akionyeshwa picha ya vipele kwenye simu, mara nyingi hutoa tyubu yenye dawa tatu kwa pamoja: ya fangasi, ya bakteria na steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho). Siku ya pili vipele vimepotea, mama anafurahi, anamwelekeza na jirani. Wiki inayofuata vimerudi, vikali zaidi, na tyubu ya pili inanunuliwa. Steroidi kali huifanya ngozi ya mtoto kuwa nyembamba na kupauka, humficha fangasi chini yake bila kumuua, na kwa kuwa mtoto ana ngozi nyingi kulinganisha na uzito wake, dawa huingia mpaka kwenye damu. Chini ya pampasi huingia zaidi, maana plastiki inaisukuma. Krimu za kung'arisha ngozi za watu wazima nyingi zina kiungo hichohicho. Hata mikono ya mlezi aliyejipaka inatosha kumgusa mtoto nayo, kwa hiyo anawe kwanza.

Upande wa pili kuna hidrokotisoni ya asilimia 1. Ni steroidi pia, lakini dhaifu, na ikiandikwa na mtoa huduma kwa siku chache, kwa tabaka jembamba, penye pumu ya ngozi tu, ni dawa salama na yenye huruma kwa mtoto asiyelala kwa kuwashwa. Wapo wazazi wanaoikataa kwa kusikia neno steroidi, mtoto akabaki anajichuna mpaka anatoka usaha. Hofu hiyo nayo inaumiza. Kwa upele, BBE (dawa ya maji ya kupaka ya benzyl benzoate) ya watu wazima haipakwi mtoto mchanga bila kuchanganywa kama mtoa huduma atakavyoelekeza.

Ya bibi: mwarobaini na liwa

Liwa safi iliyosagwa, kidogo, kwenye harara ya mtoto mkubwa kidogo, hupoza na sioni ubaya isipochanganywa na manukato ya dukani. Majani ya mwarobaini kwenye maji ya kuoga hukausha, hivyo hayafai kwa pumu ya ngozi. Mafuta ya mwarobaini kumnywesha mtoto ni sumu. Watoto wachanga wamepata degedege na kufa kwa hilo. Bibi akisisitiza, mwambie kwa adabu kwamba nesi amekataza, na nesi yeyote atakuunga mkono.

Kuhusu chakula: mama anayenyonyesha hana haja ya kuacha mayai na samaki kwa sababu mtoto ana mashavu makavu. Shaka ya chakula inaingia pale vipele vya kuvimba vinapotokea dakika chache baada ya kula, au choo kina damu. Na akifika miezi 6, kumnyima karanga na mayai kwa kuogopa aleji ni kinyume cha kinachosaidia. Utafiti wa London wa 2015, kwa watoto 640 wenye pumu ya ngozi kali au aleji ya mayai, ulionyesha walioanza karanga mapema walipata aleji ya karanga kwa kiwango cha chini sana. Karanga iwe ya kusagwa laini ndani ya uji, kamwe isiwe punje. Kama pumu yake ya ngozi ni kali, zungumza na daktari kabla ya kijiko cha kwanza.

Usisubiri tarehe ya kadi

Mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye joto la 37.5 au zaidi, au aliyepoa chini ya 35.5, aliyeacha kunyonya, anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika, mwenye degedege au aliyelegea, ni wa hospitali sasa hivi, awe na vipele au asiwe navyo. Vivyo hivyo mwenye malengelenge yenye usaha, kitovu kinachonuka au chenye ngozi iliyovimba kukizunguka, au viganja na nyayo za manjano. Kwa ngozi nyeusi manjano hutafutwa hapo na kwenye macho. Kwa mtoto mkubwa, pumu ya ngozi inayoanza ghafla kutoa majimaji, maganda ya rangi ya asali au vidonda vidogo vya duara vinavyouma, pamoja na homa, imeingiliwa na maambukizi. Mafuta yasimame, mvalishe nguo nyepesi, chukua kadi uende, hata kama ni usiku na tarehe yako ni ya wiki ijayo.